Pete ilianguka Makueni, mbona mwezi hauanguki?

BILA shaka unakikumbuka kisa cha kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Ilikuwa Jumatatu alasiri, Desemba 30, 2024, watu wakiwa katika pilkapilka za kufunga mwaka, pale pete kubwa ya chuma iliposhuka kutoka mbinguni na kutua kijijini mwao. Ilikuwa na upana wa karibu mita mbili unusu na uzito wa kilo 500 hivi. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likaichukua, na baada ya uchunguzi wa kwanza likatangaza kwamba ile ilikuwa sehemu ya roketi, yaani pete ya kutenganisha vipande vya roketi kikiwa kimoja kimemaliza kazi yake. Kwa kawaida, shirika hilo lilieleza, vitu vya aina hiyo hutarajiwa kuungua angani au kuangukia mahali pasipo na watu, kama vile baharini.

Sasa Mukuku ni kwa majirani. Kitu kinachozunguka dunia huko juu hukata mwendo wa kutoka Mukuku hadi huku kwetu Kitengela kwa muda mfupi kuliko ule unaoutumia wewe kufunga lango na kutia kufuli. Si ajabu basi kwamba wiki hiyo, wakubwa kwa wadogo, tulitembea tukitupa jicho juu. Mtoto wangu wa gredi ya nne naye akaniuliza tukiwa mezani: "Baba, ikiwa chuma kinaweza kutuangukia, mbona mwezi hauanguki?"

Nilikohoa kidogo, kama wafanyavyo wazazi wanapotafuta nafasi ya kufikiri. Swali hilo si la kitoto hata kidogo. Liliwasumbua watu wazima wenye elimu zao kwa maelfu ya miaka, na jibu lake likaja kumwajabisha kila aliyelisikia. Jibu ni kwamba mwezi unaanguka. Unaanguka usiku na mchana, na hata sasa unaposoma gazeti hili unaanguka. Kinachotuokoa ni kwamba kila ukianguka, unatukosa.

Jiwe la Ngong

Ili ulielewe jambo hili, hebu tupande sote vilima vya Ngong, hapo kwenye mwinuko wa kama mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, tuyape majumba ya Nairobi kisogo tuangalie upande wa Magadi. Okota jiwe ulitupe mbele. Litakwenda hatua kadhaa, kisha lipinde kuelekea chini na kudondoka. Litupe kwa nguvu zaidi, nalo litafika mbali zaidi kabla ya kudondoka. Mpe kijana mwenye kombeo, litafika mbali kuliko lako. Lakini liende mbali namna gani, katika sekunde ya kwanza litakuwa limeshuka mita tano kasoro kidogo. Dunia hailisamehe jiwe eti kwa sababu linakwenda kasi.

Hapo ndipo penye siri. Dunia si bapa kama meza. Imejipinda, na mpindo wake ni kwamba ukienda mbele kilomita nane hivi kwa mstari ulionyooka kama rula, ardhi itakuwa imeshuka mita tano chini ya mstari wako. Je, ungekuwa na mkono wa kulirusha jiwe lile kilomita nane kwa sekunde moja? Jiwe lingeshuka mita tano, na ardhi nayo ingekuwa imeshuka mita tano. Sekunde ya pili, vivyo hivyo. Jiwe linaifuata ardhi, ardhi inalikimbia jiwe, na hakuna anayemfikia mwenzake. Kama hewa isingekuwako, wala mlima wowote wa kulizuia, baada ya saa moja na dakika ishirini hivi ingekubidi uiname upesi, kwa maana lile jiwe ulilolitupa upande wa Magadi lingekuja kukupiga kisogoni kutoka upande wa Nairobi.

Kilomita nane kwa sekunde si mchezo. Kutoka Kitengela hadi mjini Kajiado ni kama kilomita 50. Matatu ya barabara ya Namanga, hata akiishika dereva asiyejua breki ni ya nini, huchukua karibu saa nzima. Jiwe letu lingefika kwa sekunde sita au saba.

Aliyeifikiria picha hii ya kitu kinachotupwa kutoka kileleni mwa mlima ni Mwingereza Isaac Newton, ambaye mnamo 1687 alitoa kitabu kilichobadilisha mambo yote ya sayansi. Kabla yake, wengi waliamini kwamba vitu vya duniani vina sheria zake na vya mbinguni vina zake. Tunda linaanguka kwa kuwa ni la dunia, nyota hazianguki kwa kuwa ni za mbingu, basi. Newton alisema la hasha, nguvu ni moja. Kila kitu chenye uzito wa maada kinakivuta kila kitu kingine, na kadiri vinavyoachana, ndivyo mvuto unavyopungua. Na haupungui ovyo ovyo. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu inabaki robo. Ukiuongeza mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa.

Kisha akaujaribu mwezi wenyewe. Kutoka hapa hadi mwezini ni kama kilomita 384,000, yaani mara 60 ya umbali wa kutoka kwenye kitovu cha dunia hadi hapa tulipokanyaga. Sitini mara sitini ni 3,600. Kwa hiyo, ikiwa Newton hakukosea, mwezi wapaswa kuanguka polepole mara 3,600 kuliko jiwe la Ngong. Mita zile tano kasoro ukizigawa kwa 3,600 unapata milimita moja na nukta nne hivi, karibu unene wa kadi mbili za benki zikiwekwa pamoja. Na kweli, ukipima jinsi njia ya mwezi inavyojipinda, hicho ndicho kiasi unachopata. Kila sekunde mwezi unakwenda mbele kilomita moja na kutuangukia kwa milimita moja na nukta nne. Nilimwonyesha kijana wangu kwa kadi zangu mbili. Alizitazama, akautazama mwezi, akasema, "Basi ni kidogo sana." Ndiyo, ni kidogo, na hicho kidogo ndicho kimeuzuia mwezi kutoroka miaka yote hii.

Kwa nini pete ilishuka

Huenda ukauliza: ikiwa kinachozunguka hakifiki chini, mbona pete ya Mukuku ilifika? Swali zuri. Kwanza, tuondoe uongo mmoja ambao hata vitabu vingine vya watoto huusema, kwamba huko juu wanakoelea wanaanga hakuna nguvu za uvutano. Kituo cha kimataifa cha anga za juu huzunguka kwenye kimo cha kama kilomita 400. Huo ni umbali mfupi kuliko wa kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa barabara! Mvuto wa dunia hapo ungali karibu asilimia 90 ya huu unaoukalisha wewe kitini. Wanaanga huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, kwa mwendo mmoja, kama watu waliomo ndani ya lifti iliyokatika kamba, ila lifti yao haina sakafu ya kuifikia.

Kinachoharibu mambo ni hewa. Kwenye kimo hicho hewa ni nyembamba mno, lakini ipo, na inakwaruza. Kila mzunguko chombo kinapoteza kimo kidogo, kinashuka pale hewa ilipo nzito zaidi, kinakwaruzwa zaidi, kinashuka tena. Kituo cha anga huwashwa injini mara kwa mara kikasukumwa kurudi juu. Kipande cha roketi kilichokwisha kazi hakina wa kukisukuma. Kinaweza kuzunguka wiki, miaka, au miongo, kutegemea kilivyoachwa juu, na siku moja kinashuka. Vingi huungua kabisa. Vizito hufika. Dunia ina bahari nyingi kuliko nchi kavu, kwa hiyo mara nyingi ni samaki wanaoshtuka. Siku ile zamu iliangukia Mukuku. (Kwa faida ya wale wanaopenda mambo ya sheria, upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaosema kwamba nchi iliyorusha chombo ndiyo inayolipia hasara kitakayoileta ardhini.)

Mwezi hauna shida hiyo, kwani unakopita hakuna hewa ya kuukwaruza. Na kwa kweli habari zake ni kinyume cha hofu yetu. Mwezi huivuta bahari, ndiyo sababu jamaa zetu wa Mombasa na Lamu wanajua maji kujaa na maji kupwa, na siku za bamvua mwezi unapokuwa mpevu au mchanga. Maji hayo yaliyovutwa nayo yanauvuta mwezi, na kwa kuwa dunia inajizungusha haraka kuliko mwezi unavyotuzunguka, yanautangulia na kuusukuma mbele kidogo kidogo. Matokeo yake, mwezi unatuaga. Kila mwaka unasogea mbali karibu sentimita nne, kama ukucha unavyokua.

Jua na watoto wake

Ikiwa umeuelewa mwezi, sayari zimekwisha. Dunia nayo inaanguka, inaliangukia jua, na kila sekunde inakwenda mbele karibu kilomita 30 huku ikilikosa. Sayari iliyo karibu na jua huvutwa kwa nguvu zaidi, basi ni lazima ikimbie zaidi ili isiangukie motoni. Utaridi humaliza mwaka wake kwa siku 88. Mshtarii huchukua karibu miaka 12. Zohali huchukua miaka 29 unusu, muda unaokaribia rika mbili za morani wa Kimaasai, maana rika moja huchukua kama miaka 15. Kwa hiyo mzee wa Kajiado aliyeiona Zohali mahali fulani angani alipokuwa kijana wa kuchunga ndama, ataiona tena hapo hapo akiwa na wajukuu.

Njia za sayari hizi si duara kamili. Mjerumani Johannes Kepler ndiye aliyeligundua hilo mnamo 1609, kabla Newton hajazaliwa, baada ya kuhangaika miaka na hesabu za sayari ya Mirihi ambazo zilikataa kuingia kwenye duara. Ni kama yai lililobanwa kidogo sana. Mwanzoni mwa Januari dunia iko kilomita milioni 147 kutoka kwenye jua. Mwanzoni mwa Julai iko kilomita milioni 152. Najua unachofikiria, kwamba kumbe ndiyo maana Kitengela huwa na baridi ile ya Julai ya kutoa majaketi sandukuni! Sivyo. Tofauti hiyo ni ndogo mno, na ushahidi ni kwamba Julai hiyo hiyo watu wa Ulaya wanatokwa jasho. Baridi yetu ni ya kuinama kwa mhimili wa dunia na mawingu yanayotufunika majira hayo.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote katika habari hizi za sayari ni cha Neptune. Sayari ya Uranus ilipokwisha gunduliwa mnamo 1781, wataalamu walianza kuipigia hesabu. Kwa miaka kadhaa ikakaa vizuri, kisha ikaanza utundu. Mara iko mbele ya hesabu, mara iko nyuma. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba huenda sheria ya Newton huko mbali haifanyi kazi. Mfaransa Urbain Le Verrier aliwaza kama mchungaji. Mchungaji wa Kajiado akikuta ndama wake anavutika kuelekea kichakani, haanzi kusema ndama kaingiwa na wazimu. Husema ndani ya kichaka kuna kitu. Le Verrier alikaa na kalamu na karatasi, akapiga hesabu za kurudi nyuma: ikiwa kuna sayari isiyojulikana inayoivuta Uranus, lazima iwe wapi? Akawaandikia watu wa Berlin. Barua ilifika Septemba 23, 1846, na usiku huo huo Johann Galle akaelekeza darubini mahali alipoelekezwa. Sayari ilikuwa pale, karibu kabisa na mahali penyewe, kosa lisilofika hata upana wa mwezi mara mbili.

Mtu aliiona sayari kwa kalamu kabla ya kuiona kwa jicho. Nawaambia wanafunzi wanaoikimbia hesabu, na najua mpo wengi, mkirudie kisa hicho.

Lori la simenti

Tuje kwenye nyota. Nguvu ile ile iliyoiangusha pete Makueni ndiyo iliyolizaa jua na nyota zote. Hapo mwanzo huwa ni wingu kubwa la gesi na vumbi, baridi na jeusi. Sehemu moja ikiwa nzito kidogo kuliko nyingine, inavuta jirani zake, inazidi kuwa nzito, inavuta zaidi. Kila mtu aliyewahi kutia tairi la baiskeli upepo anajua kwamba ukiibana hewa, pampu hupata joto. Wingu likijibana lenyewe kwa uzito wake, kitovu chake kinapata joto, nalo joto hilo linapanda hadi kufikia mamilioni ya nyuzi. Hapo hidrojeni huanza kuungana na kuwa heliamu, na nyota imewaka. Kitovu cha jua letu kina joto la nyuzi milioni 15. Kila sekunde jua hugeuza kama tani milioni 600 za hidrojeni, na katika hizo tani milioni nne hivi hutoweka kabisa zikawa mwanga. Mwanga huo huchukua dakika nane na sekunde ishirini kutufikia.

Lakini kwa nini jua halijibani likaisha, au halilipuki kama bomu? Simama kando ya barabara pale Athi River utazame lori lililojaa simenti. Uzito unalikandamiza chini, upepo ndani ya matairi unalisukuma juu, na lori limesimama wima. Jua ni hivyo. Uzito wake wenyewe unalikandamiza kuelekea kitovuni, na joto la ule moto linasukuma nje. Vikilingana, nyota inatulia. Jua letu limetulia hivyo kwa miaka kama bilioni 4.6, na akiba yake ya hidrojeni inatosha miaka mingine bilioni tano hivi. Likimaliza litavimba, liwe jekundu, kisha lijikunyate hadi kuwa kijinga kisichozidi ukubwa wa dunia. Usianze kuuza ploti yako leo.

Nyota kubwa hazina bahati hiyo. Mtu angedhani kwamba mwenye mzigo mkubwa wa kuni atawasha moto muda mrefu zaidi, kumbe sivyo. Lori likiwa zito mno, upepo lazima uwe mkali mno, na nyota nzito hulazimika kuchoma akiba yake kwa fujo ili isikandamizwe. Tazama Betelgeuse, ile nyota nyekundu kwenye bega la Jabari. Ni nzito kuliko jua zaidi ya mara kumi, na umri wake hauhesabiwi kwa mabilioni kama wa jua bali kwa mamilioni machache tu, lakini tayari imezeeka. Siku tairi itakapoisha upepo, kitovu chake kitaporomoka kwa muda usiotimia sekunde moja, na maganda ya nje yalipuke kwa mwanga utakaoonekana hata mchana. Kinachobaki baada ya mlipuko wa namna hiyo huwa ni mpira wenye upana wa kilomita 20 hivi ulio mzito kuliko jua. Kilomita ishirini! Ungeuweka katikati ya Kitengela, ukingo wake usingefika Isinya. Na ikiwa kilichoporomoka ni kizito zaidi ya hapo, basi hakuna nguvu yoyote inayojulikana ya kukizuia, na tunapata kile wataalamu wanachokiita shimo jeusi, mahali ambapo mvuto ni mkali hata mwanga haupenyi kutoka.

Chombo kilichoitwa Uhuru

Hapa ndipo Kenya inapoingia, na inasikitisha kwamba wengi wetu hatukufundishwa jambo hili shuleni. Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya Uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setelaiti iliyobebwa ilikuwa ya Wamarekani, na kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi hii wakaiita Uhuru. Walichagua huku kwetu kwa sababu, pamoja na mengine, karibu na ikweta dunia hujizungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na roketi ikielekezwa mashariki hupata kasi hiyo bure, kama mtu anayeruka kutoka kwenye gari linalokwenda.

Uhuru ilikuwa setelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kutafuta nyota zinazotoa miale ya eksirei, kama ile ya hospitali. Miale hiyo huzuiwa na hewa, haifiki ardhini, hivyo hakuna darubini ya mlimani ingeweza kuiona. Ilipofika juu ilikuta mbingu tofauti kabisa. Katika kundi la nyota la Centaurus iliona kitu kikimweka kila baada ya sekunde 4.8, na kila baada ya siku mbili hivi kikijificha nyuma ya nyota kubwa. Ulikuwa mmoja wa ile mipira ya kilomita 20, ukimzunguka mwenzake na kumnyonya gesi. Gesi inapoangukia mvuto mkali namna hiyo hupata joto la kutisha, na ndiyo hutoa eksirei.

Kisha kuna Cygnus X-1. Kitu hiki kilikuwa kimekwisha julikana tangu 1964, lakini Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba mwanga wake unatetema upesi mno, na kwamba basi lazima kiwe kidogo sana. Wataalamu wakapata nyota kubwa ya buluu mahali hapo, inayozunguka kila baada ya siku tano na nukta sita. Inazunguka nini? Pale hapaonekani kitu. Ukiona usiku taa ya kandili ikizunguka mahali pamoja, na walioishika huwaoni, bado unajua kuna mtu, na kwa jinsi inavyokwenda unaweza hata kukisia urefu wa mkono wake. Wakatumia hesabu zile zile za Kepler na Newton. Vipimo vilivyotolewa mnamo 2021 vinasema kitu hicho kisichoonekana ni kizito kama majua 21. Ndicho kitu cha kwanza ambacho wataalamu wengi walikubali kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi ya Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel mnamo 2002.

Uhuru yenyewe iliacha kufanya kazi mnamo Machi 1973. Ikaendelea kuzunguka kimya kimya, hewa ikiikwaruza, mpaka Aprili 5, 1979, ilipoingia kwenye anga nzito na kuungua. Hiyo haikumwangukia mtu.

Kilimia na ng'ombe

Zamani Kitengela ilikuwa mbuga, nyumbu wakitoka mbuga ya Nairobi na kuteremka kusini mvua zikinyesha. Leo ni nyua, maduka na taa, na ukitazama juu usiku unaona nyota ishirini, thelathini ukibahatika. Lakini ukipita Isinya, ukaenda kuelekea Kajiado na kuingia ndani kidogo kutoka barabarani, mbingu inafunguka. Hapo utakiona kilimia, kile kishada cha nyota sita au saba. Wamaasai wanakiita Inkokua. Mnamo 1905 Mwingereza A. C. Hollis alichapisha kitabu kuhusu Wamaasai, na ndani yake ameeleza jinsi walivyozifananisha nyota hizo na ng'ombe wanaofuatana, na jinsi walivyojua kwamba zikizama jioni zisionekane tena, mvua kubwa zimekwisha. Nyota tatu za Jabari waliziita wazee. Tatu nyingine zilizo pembeni waliziita wajane, ambao wanawavizia wazee hao ili waolewe. Huko Pwani nako wahenga walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Sasa unaweza kueleza kwa nini kilimia huzama. Dunia inavyolizunguka jua, ifikapo Mei jua linakuwa kati yetu na kilimia, nacho kinapotea ndani ya mwanga wake. Juni kinachomoza upande wa pili, alfajiri. Kwa hiyo mchungaji aliyekuwa akihesabu majira kwa kilimia alikuwa akiihesabu njia ya dunia yenyewe, na saa hiyo haikosei. Kilichokosea ni mvua. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kunyesha ipasavyo, na mizoga ya ng'ombe ikatapakaa Kajiado. Miaka hiyo yote kilimia kilizama na kuzuka siku zake zile zile. Mzee mmoja wa huko Isinya aliniambia kwamba hilo ndilo lililomchoma zaidi. Nyota zilikuja, na nyuma yao hakikuja kitu.

Kilimia nacho kinashikiliwa na uvutano. Si nyota saba tu, ni zaidi ya elfu moja, zimezaliwa katika wingu moja, ziko umbali ambao mwanga wake umechukua zaidi ya miaka 400 kutufikia. Kamba inayozifunga pamoja ni dhaifu. Nyota na mawingu mengine ya kundi letu kubwa yanazivuta huku na huku, na baada ya kama miaka milioni 250 ng'ombe hao watakuwa wametawanyika, kila mmoja na njia yake.

Ukitaka kuwaona wakiwa bado pamoja, nenda Januari au Februari, siku ambayo hakuna mwezi. Saa mbili za usiku watakuwa juu, upande wa kaskazini, na wale wazee watatu karibu na utosi wako, wakielemea mashariki. Ukiona nyota inayokwenda polepole bila kumetameta, ikivuka mbingu kwa dakika tano hivi na kuzimika ghafla, hiyo ni setelaiti imeingia kwenye kivuli cha dunia. Wachukue watoto, na ubebe shuka. Kajiado usiku kuna upepo.